Mama karudi nyumbani na mrija: wageni wasiuone, wa nyumbani wajue

Wageni walianza kuingia saa tatu asubuhi. Ilikuwa siku ya nne tangu mama huyo, mkazi wa Mbagala na muuza vitenge, aruhusiwe kutoka hospitali alikoondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Jirani wa kwanza alileta machungwa, wa pili mkate na maziwa. Kisha wakaja akina mama wa kikoba chake, wanane kwa mpigo, wakajaa sebuleni mpaka wengine wakakaa kwenye mkeka. Aliwapokea akiwa kwenye kochi, dera limemfunika mpaka miguuni, kanga moja mabegani na nyingine mapajani, na joto la Dar es Salaam la mwezi wa kwanza halikumhurumia.

Chini ya kanga kulikuwa na kitu ambacho hakutaka mtu akione. Mrija mwembamba wa plastiki ulitokea ubavuni, chini kidogo ya kwapa, na mwisho wake ulining’inia kifuko kinachoonyesha ndani, chenye majimaji mekundu.

Alifanikiwa kukificha. Hakuna aliyekiona. Tatizo ni kwamba tangu alfajiri hakuinuka hata mara moja kwenda kukimwaga, kwa kuwa aliona aibu kusimama mbele za watu akiwa ameshika ubavu. Saa saba mchana, wageni wa mwisho walipokuwa wakivaa viatu mlangoni, kifuko kilikuwa kimejaa na kutuna kama puto. Hakikuvuta tena, na majimaji yakajitafutia njia nyingine: yakapita pembeni mwa mrija, yakalowesha bendeji, dera na mto wa kochi. Wa kwanza kuona alikuwa mwanawe wa miaka minne. Alipiga kelele, “Mama anatoka damu!” akachomoka mlangoni kuita watu. Akina mama wa kikoba waliokuwa wamefika barabarani wakarudi mbio.

Siri ya siku nne ikaisha kwa dakika mbili, tena kwa namna mbaya kuliko kama angeisema mwenyewe.

Mama huyo hakuwa mjinga, wala hakuwa na kiburi. Alikuwa na sababu. Kwenye kikoba alikuwa na mkopo ambao hajamaliza kuurejesha, na aliogopa kwamba neno saratani likishatajwa, wenzake wangeanza kumhesabu kuwa mtu anayekwenda, si mtu anayerudi dukani. Aliogopa pia macho ya huruma, na aliogopa mama mkwe wake. Hofu hizi zipo katika nyumba nyingi. Nchini Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa kuwapata wanawake, ikitanguliwa na ile ya mlango wa kizazi, hivyo kila mtaa una mama aliyepita njia hii au atakayeipita. Hata hivyo watu bado wanaitaja kwa kunong’ona.

Mrija wenyewe, ambao wauguzi wengi huuita dreni, si dalili kwamba ugonjwa umebaki ndani. Hili wengi hawaambiwi vizuri. Daktari anapoondoa titi na tezi za kwapani, hubaki nafasi chini ya ngozi. Mwili huendelea kuchuruzisha damu kidogo na majimaji kwenye nafasi hiyo kwa siku kadhaa, na yakikosa pa kutokea hujikusanya yakawa bwawa dogo, ngozi ikashindwa kushikana na nyama, na vijidudu vikapata makazi. Mrija huwekwa ili kuyatoa. Wagonjwa wa upasuaji wa tumbo au wa tezi ya shingo nao huweza kuwekewa, lakini wa titi ndio ambao mara nyingi hurudi nao nyumbani, kwa sababu hali yao inaruhusu kutoka wodini wakati mrija bado una kazi ya wiki moja, mbili au hata tatu.

Kifuko hicho cha plastiki laini, chenye ukubwa wa parachichi dogo, hakina betri wala mashine. Ukikibonyeza hewa ikatoka, kisha ukafunga kizibo, kinataka kurudi kwenye umbo lake, na katika kutaka huko ndipo kinapovuta majimaji. Aina inayotumika sana ina majina ya Jackson na Pratt, madaktari wa upasuaji wa ubongo wa Jeshi la Wanamaji la Marekani walioibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hospitali nyingine hutumia chupa ngumu badala ya kifuko, na chupa hiyo mara nyingi haifunguliwi nyumbani. Anayerudi na chupa aulize kabla ya kuondoka wodini nani wa kuibadilisha na wapi.

Ukielewa jinsi kifuko kinavyovuta, utaelewa kilichotokea Mbagala. Kifuko kilichojaa hakina nguvu ya kuvuta. Hata kilichofika nusu kimeshachoka. Ndiyo maana wagonjwa huambiwa wakimwage mara mbili au tatu kwa siku, na zaidi katika siku za mwanzo.

Kazi yenyewe haichukui dakika tano. Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, si ya kwenye beseni. Kizibo kinafunguliwa bila kidole kugusa mdomo wa kifuko, majimaji yanamiminwa kwenye kikombe cha kupimia kilichotolewa hospitali, na idadi ya mililita inasomwa. Kisha kifuko kinabonyezwa mpaka pande zake zikutane, na kizibo kinafungwa mkono ukiwa bado umebana. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafunga kwanza ndipo wabonyeze, au wanaachia kidogo kabla ya kufunga, na kifuko kinabaki pambo tu. Majimaji yanamwagwa chooni na kufuatishiwa maji, mikono inaoshwa tena, na anayemsaidia mgonjwa anavaa glavu. Kikombe hicho kinakuwa na mahali pake juu ya kabati, mbali na vikombe vya jikoni na mbali na mikono ya watoto.

Baada ya kisa kile, mume wake, ambaye siku zote nne alikuwa akitoka chumbani kila kanga inapofunuliwa, alilazimika kuangalia. Dada yake, yaani wifi wa mgonjwa, alifika jioni ile kutoka Temeke, akamkuta kaka yake amesimama mlangoni na ndoo ya maji kama mlinzi. Hakumgombeza. Alimwambia tu aoshe mikono. Usiku huo mume alimwaga kifuko kwa mara ya kwanza, mkono ukitetemeka, na akasoma kikombe akiwa amekisogeza kwenye taa. Binti yao wa darasa la sita akaletewa daftari. Hakugusa kitu, kazi yake ilikuwa kuandika: tarehe, saa, mililita, rangi.

Akina baba wengi hutoka chumbani namna ile, na si kwamba hawajali. Hawajui waangalie wapi. Mwanamume aliyepewa kazi maalumu, hata ndogo kama kusoma kikombe, huacha kuogopa haraka kuliko aliyeambiwa tu amtie moyo mkewe.

Wifi ndiye aliyeleta utaratibu wa kuficha uliofaa. Kuficha si kosa. Mgonjwa ana haki ya kukaa na watu bila mwili wake kuwa maonyesho, na hadeni mtu maelezo. Kinachotakiwa ni namna ya kuficha isiyouzuia mrija kufanya kazi.

Jambo la kwanza aliloondoa ni kanga ya mapajani iliyokuwa imekikandamiza kifuko, kwa kuwa mrija uliokunjika ni sawa na bomba lililokanyagwa. Akachukua kipande cha kitenge, akashona mfuko mdogo wa kuvaa shingoni kwa utepe mrefu, ukakaa usawa wa kiuno. Kifuko lazima kikae chini ya kidonda, kisiwekwe begani wala mfuko wa juu wa shati. Wasio na mtu wa kushona hutumia pini kubwa: kifuko kina kitanzi chake cha plastiki, na pini inapita kwenye kitanzi hicho na kushika nguo kwa ndani. Pini haipiti kwenye mrija, na haigusi kifuko, kwa maana tundu moja dogo linatosha kuua uvutaji wote. Mrija unaachiwa ulegevu kidogo, ili mama akinyoosha mgongo au akigeuka usivute pale ulipotokea kwenye ngozi.

Nguo inayofaa ni ile isiyohitaji kuinua mikono: gauni lenye vifungo mbele, au shati pana la mume juu ya sketi. Dera la kuvalia kichwani, ambalo ndilo wengi hukimbilia kwa kuwa ni pana, linafaa kwa mapana yake lakini linamlazimisha mgonjwa kunyoosha mkono wa upande uliopasuliwa. Wifi alichana la kwake mbele na kulitia vifungo. Maua makubwa ya rangi nzito huficha uvimbe wa mfuko kuliko kitambaa cha rangi moja, na kwa wanaovaa baibui tatizo hili ni dogo zaidi. Mtandio mwepesi ukining’inizwa upande ule unamaliza kazi. Kwenye gari, mkanda wa kiti huwekewa mto mdogo au taulo katikati. Daladala la kubanana liachwe mpaka mrija utoke, hata kama bajaji ni ghali, kwa sababu kiwiko kimoja cha abiria kinaweza kufanya kazi ya mkasi.

Wakati wa kuoga ndio wenye ajali nyingi, pamoja na kwenda chooni usiku. Mtu akivua nguo, kifuko kilichobanwa kwenye nguo hiyo nacho kinashuka, kikavuta mrija kwa uzito wake. Kwa hiyo kabla ya kuvua, kifuko kinahamishiwa kwenye utepe wa shingoni. Sehemu ya kidonda haimwagiwi maji mpaka muuguzi aruhusu. Mwili mwingine unafutwa kwa kitambaa. Usiku, mgonjwa analala chali au kwa upande mzima, na kabla ya kuinuka mkono unatangulia kukitafuta kifuko ndipo miguu ishuke.

Kuhusu wageni, mume aliweka saa: alasiri, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Asubuhi mlango ulikuwa wazi kwa ndugu tu. Wageni wakizidi muda, wifi alisimama na kusema mgonjwa anakwenda kubadilishiwa bendeji. Sentensi hiyo haina mtu anayeibishia. Na kwa waliouona mrija siku ile ya vurugu, mama mwenyewe alitafuta maneno yake: “Nimefanyiwa upasuaji, huu unatoa maji ya kidonda, daktari atautoa.” Hakuongeza neno. Walioendelea kuuliza upasuaji wa nini waliambiwa anamshukuru Mungu anaendelea vizuri. Mwenyekiti wa kikoba peke yake ndiye aliyeambiwa yote, kwa sababu ya mkopo, na akasogeza marejesho mbele mwezi mmoja bila kuwaeleza wengine sababu.

Mama mkwe alikuja kutoka Kisarawe Jumapili. Alikuwa ameshasikia. Aliketi kitandani, akafunuliwa akaona, akanyamaza sana, kisha akauliza kama mkono unafikia nywele. Haukufikia. Akamsuka mkwewe twende kilioni, na mazungumzo yote ya siku ile yalihusu bei ya mihogo.

Mtoto wa miaka minne ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuwa ameambiwa mama alianguka. Alikuwa amezoea kulala kifuani mwa mama, na tangu arudi alisukumwa kila alipopanda kochini, bila kuelezwa kwa nini. Mtoto anayefukuzwa bila sababu hurudi kwa nguvu. Usiku wa tatu, kabla hata ya siku ya wageni, alikuwa ameingia kitandani gizani na kushika kitu cha plastiki akidhani ni mdoli. Mama alipiga ukelele, mtoto akalia, na hakuna aliyezungumza naye.

Wazazi wengi hudhani mtoto mdogo asipoona hataogopa. Mtoto huona. Anaona mama anatembea ameinama, ananusa dawa, anasikia watu wazima wakishusha sauti akiingia. Asipopewa habari anajitungia, na mara nyingi anajiweka mwenyewe kwenye kosa: mama anaumwa kwa sababu nilimrukia. Kwa hiyo jioni moja mama alimwita, akamwonyesha kifuko peke yake, si mshono. Akamwambia daktari ametoa kitu kibaya kifuani, kidonda kinatoa maji, maji yanaingia humu, ukivuta mama anaumia. Wewe hukufanya kosa. Mtoto aliuliza kama kuna samaki. Tangu siku ile kikaitwa “chupa ya mama”, na alipewa upande wake, wa kulia, pamoja na mto mdogo wa kuweka kifuani mwa mama kabla ya kumkumbatia. Alikuwa mkali kwa watu wazima kuliko wote: shangazi akikaa upande wa kushoto alimhamisha.

Wakubwa kidogo, wa darasa la tano kwenda juu, wanastahili jina la ugonjwa. Watalisikia kwa jirani vinginevyo.

Halafu kuna daftari. Kwa mama huyo mistari ilianza na mililita 140 kwa siku, ikashuka 110, 95, 70, 60. Rangi ilitoka damu nzito, ikawa kama juisi ya tikiti, ikaanza kuelekea manjano ya chai ya rangi iliyochujwa sana. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: kiasi kinapungua polepole na rangi inapauka. Siku ya tisa binti akaandika 10. Nyumba nzima ikafurahi. Mume akasema dreni inatoka kesho.

Binti ndiye aliyeuliza mbona jana ilikuwa 60. Na mama, ambaye alikuwa amenyamaza kwa sababu hakutaka kurudishwa hospitali, akakiri kwamba kwapa limejaa tangu alfajiri na linauma. Majimaji hayakuwa yamekwisha. Mrija ulikuwa umeziba kwa donge la damu, na yote yalikuwa yakijikusanya ndani. Walifika hospitali mchana huo, muuguzi akaukamua mrija: vidole vya mkono mmoja vimeushika imara karibu na ngozi usivutike, vya mkono wa pili vikiteleza kuelekea kwenye kifuko. Donge likatoka kama uzi mweusi, na kifuko kikajaa nusu hapo hapo. Mume alifundishwa kufanya hivyo nyumbani. Asiyefundishwa asijaribu.

Kuna mambo mengine ambayo hayasubiri siku ya kliniki. Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Wekundu na joto linalosambaa kuzunguka mrija, usaha, au harufu. Damu nyekundu mbichi inayojaza kifuko kwa ghafla baada ya rangi kuwa imeanza kupauka. Kifuko ambacho kila kikibonyezwa kinatuna tena papo hapo, maana yake hewa inaingia mahali. Na mrija ukichomoka, mzima au nusu, haurudishwi ndani kwa hali yoyote. Tundu linafunikwa kwa bendeji safi na safari ya hospitali inaanza, hata kama ni usiku. Mgonjwa anayeficha mrija kwa wageni asije akamficha daktari kwamba ulivutwa na mtoto. Hakuna atakayemgombeza mtoto.

Madaktari wengi huutoa mrija kiasi kikiwa chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Mililita 30 ni vijiko viwili vya chakula. Ndiyo sababu daftari lina thamani kuliko kumbukumbu: mgonjwa aliyesema “siku hizi ni kidogo” ameambiwa arudi wiki ijayo, wakati mwenye mistari ameutoa siku hiyo hiyo.

Wa mama wa Mbagala ulitoka siku ya kumi na sita. Muuguzi alikata uzi uliokuwa umeushikilia, akamwambia avute pumzi na aitoe, na kabla hajamaliza kuitoa mrija ulikuwa mezani. Uliwasha kama mchubuko uliomwagiwa ndimu, basi. Aliwekewa bendeji ndogo juu ya tundu na kuambiwa kwamba maji yanaweza kujikusanya tena kidogo chini ya ngozi. Yakizidi yatavutwa kwa bomba la sindano, na hilo ni jambo la kawaida. Mazoezi ya mkono yaliongezwa kuanzia wiki ile. Majibu ya maabara na mpango wa dawa vilikuwa vya safari nyingine, na alijua.

Mfuko wa kitenge ulifuliwa, ukakauka kwenye kamba, na wifi akaondoka nao kumpelekea mama mwingine aliyekuwa bado wodini. Mtoto aliuliza chupa imekwenda wapi. Aliambiwa daktari ameichukua. Akafikiri kidogo, kisha akazunguka kochi kama kawaida yake na kupanda upande wa kulia, mto mkononi.